Mishipa ya Lenin, Damu ya Unguja

Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyosimama kusini mwa Mji Mkongwe ikiielekea bahari, imepata kuitwa kwa majina zaidi ya moja: zamani za Sultani na Mwingereza ilichukua jina la ukoo wa Karimjee Jivanjee, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wakati madaktari na mafundi walipokuwa wakitujia kutoka nchi za kikomunisti za Ulaya na kutoka China, ikapewa jina la V. I. Lenin, likadumu miaka mingi hata jina la kiwanja cha jirani lilipokuja kushika mahali pake. Waliolichagua jina la Lenin walikusudia siasa, wala sidhani kwamba walizingatia maradhi yaliyomuua. Lakini tukizitazama leo wodi za hospitali hiyo, namna zinavyopokea watu walioanguka ghafula, nusu ya mwili imelegea na ulimi umekuwa mzito, twaona kwamba jina lile lilikuwa na munasaba na mahali pale kuliko walivyojua wenyewe, kwani ni nadra kumpata mtu katika tarikhi ya dunia ambaye kusinyaa kwa mishipa ya ubongo wake kumeandikwa na kujadiliwa kama Lenin.

Alizaliwa Aprili 1870, hakuwa mvutaji wa tumbaku, na umri wake ulikuwa bado ni wa kazi pale Mei 1922 alipopatwa na kiharusi cha kwanza, kilichomdhoofisha upande wa kulia na kumvuruga maneno. Akapata nafuu, akarejea kazini. Desemba ya mwaka ule ule kikamrudia. Na Machi 1923 kikamjia cha tatu, kilichomnyang'anya usemi wake wote, akabaki kimya nyumbani Gorki, karibu na Moscow, yeye aliyekuwa mashuhuri kwa hotuba, mpaka akafariki tarehe 21 Januari 1924 akiwa na miaka 53. Matabibu waliomchunguza maiti, wakiongozwa na Profesa Aleksei Abrikosov, walikuta ateri kubwa ya kushoto inayopanda shingoni kuulisha ubongo imeziba kabisa pale inapoingia katika fuvu, na nyingine zimekuwa nyembamba na ngumu, hata husimuliwa kwamba koleo la chuma lilipozigusa zilitoa mlio kama wa jiwe. Baba yake naye alifariki kwa maradhi ya ubongo akiwa na miaka 54. Mwaka 2012, katika mkutano uliofanyika Maryland, Marekani, tabibu wa maradhi ya ubongo Harry Vinters alilirejea suala hilo, akauliza ilikuwaje mtu asiye na visababu tunavyovijua awe na mishipa ya namna ile mapema vile, na shaka yake akaielekeza kwenye urithi wa ukoo.

Amma suala ambalo mimi naona halikupewa haki yake katika mazungumzo ya barazani juu ya kiharusi, na hata katika mafundisho tunayoyasikia redioni, ni hili: mshipa uliosinyaa peke yake si kiharusi. Lenin aliishi na mishipa ile pengine miaka mingi, akiandika na kuhutubu, damu ikipita kwa taabu katika nafasi iliyosalia. Wako wanaume na wanawake wengi katika Unguja, Michenzani na Bububu, Chwaka na Makunduchi, wanaokwenda sokoni na msikitini kila siku ilhali ateri moja ya ubongo wao imebakisha nusu ya uwazi wake au chini ya hapo. Siku wanapoanguka, kinachokuwa kimeziba nafasi ile ya mwisho aghlabu ni damu yenyewe, iliyoganda mahali isipotakiwa kuganda. Sisi tumezoea kulaumu mafuta na chumvi, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini mafuta na chumvi huandaa mahali tu, na pigo lenyewe hutoka katika damu.

Na kuganda kwa damu ni neema ambayo hatungeweza kuishi bila yake. Mvuvi aliyekatwa mguu na kombe la pwani, mtoto aliyetoka jandoni, mama aliyejifungua usiku, wote hawa huponea hapo: jeraha hufunguka, damu humwagika, na baada ya dakika chache kitu fulani hukusanyika mdomoni mwa jeraha na kuufunga. Kitu hicho huundwa na vikosi viwili. Cha kwanza ni chembe sahani, vipande vidogo mno visivyo na kiini, vinavyoelea katika damu kwa mamilioni katika kila tone, ambavyo huona ukuta wa mshipa umechubuka vikauganda na kuvutana. Cha pili ni jamii ya protini zinazotengenezwa zaidi katika ini, ambazo hapa tutaziita vigandishi, nazo hukaa katika damu zimelala, moja ikingoja kuamshwa na nyingine, mpaka mwisho wa mfuatano huo inapozalika thrombini, na thrombini huigeuza fibrinojeni iliyoyeyuka kuwa nyuzi za fibrini zinazozifunga chembe zote pamoja kuwa donge imara.

Vigandishi hivi vilipewa hesabu za Kirumi, kuanzia cha kwanza hata cha kumi na tatu, isipokuwa cha sita, ambacho baada ya kutajwa kiligunduliwa kuwa ni kile cha tano kilichokwisha kuamshwa, basi kikaondolewa na nafasi yake ikabaki tupu mpaka leo. Nyuma ya hesabu hizo wamo watu. Cha tano kiligunduliwa na Paul Owren huko Norway wakati nchi yake imekaliwa na jeshi la Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili, kutokana na mwanamke mmoja aliyekuwa akitokwa na damu tangu utotoni. Cha kumi na mbili kilijulikana mwaka 1955 kwa sababu ya mfanyakazi wa reli wa Marekani, John Hageman, ambaye damu yake ikiwekwa katika kichupa cha kioo ilikawia mno kuganda, naye mwenyewe hakuwa na tatizo lolote la kutokwa na damu. Na mwisho wake ni wa kustaajabisha, kwani mtu huyu ambaye damu yake ilionekana haiwezi kuganda sawasawa alifariki mwaka 1968 kwa donge la damu lililosafiri hadi mapafuni. Tangu hapo matabibu wamefahamu kwamba njia ya damu kuganda ndani ya kichupa si lazima iwe ndiyo njia ya kuganda ndani ya mwili, na kwamba kigandishi kisichohitajika sana kwa kufunga jeraha yamkini kikawa na mkono katika kuziba mshipa. Tutakirejea kisa hiki, kwa sababu juu yake limejengwa tumaini kubwa la dawa za zama zetu.

Lakini katika njia nyembamba za ubongo, iko protini moja inayostahiki kutajwa kabla ya nyingine zote, nayo haimo katika hesabu ya Kirumi. Mwaka 1924 tabibu wa Finland, Erik von Willebrand, aliletewa mtoto wa kike wa miaka mitano kutoka Föglö, katika visiwa vya Åland vilivyo baharini kati ya Finland na Sweden, ambaye katika ukoo wake watoto kadhaa walikuwa wamekufa kwa kutokwa na damu. Mwaka 1926 aliyaandika maradhi yale, akaonyesha kwamba hayakuwa sawa na yale ya wavulana yaliyokuwa yakijulikana. Mtoto yule akafariki kwa damu ya hedhi alipokuwa na miaka 13. Ikapita miongo mingi kabla ya kufahamika kwamba kilichopungua katika damu ya watu wa Åland ni protini ndefu kupita kiasi, ambayo leo huitwa kwa jina la tabibu huyo, na ambayo kazi yake ni kuzinasa chembe sahani na kuzishikiza ukutani.

Protini hiyo ina tabia ambayo ndiyo ufunguo wa habari yetu. Damu inapokwenda polepole, huelea imejikunja kama kifundo, wala chembe sahani haziishiki. Damu inapokwenda kasi ya kupita kiasi, hukunjuka na kunyooka, na pale pale zile sehemu zake zenye kunasa hufunguka. Mvuvi wa Nungwi ajuaye mkondo unaopita baina ya miamba miwili, ambapo maji yaliyokuwa matulivu huwa makali kwa sababu tu njia imebana, anaelewa bila ya kufundishwa na mtu kwa nini ateri iliyosinyaa ina kasi kubwa ya damu kuliko mahali pengine popote. Katika mkondo huo ndimo protini ya von Willebrand hunyooka, zikanaswa chembe sahani, na donge likaanza kujengeka mahali pale pale penye nafasi ndogo kuliko pote. Kinachotakiwa kuzuia damu isimwagike katika jeraha huja kikafunga mlango wa uhai.

Watu hawakuumbwa na kiasi kimoja cha protini hii. Wenye damu ya kundi O huwa nayo pungufu kwa kiasi cha robo hivi kuliko wenye makundi mengine, nao kwa wastani wana nafuu kidogo ya kupatwa na madonge. Umri huizidisha, kadhalika kisukari, na uvimbe wa ndani wa mwili. Fibrinojeni nayo ina habari yake. Huko Gothenburg, Sweden, waliandamwa kwa miaka mingi wanaume 792 waliokuwa na miaka 54 walipoanza kupimwa, na taarifa iliyotolewa mwaka 1984 ikaonyesha kwamba waliokuwa na fibrinojeni nyingi ndio waliopatwa zaidi na kiharusi na maradhi ya moyo. Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto, maana fibrinojeni hupanda vile vile kwa sababu ya ugonjwa, na mtu akipimwa siku ya tatu baada ya kuanguka, muhali kujua kama damu yake ilikuwa nzito ndipo akaanguka, au alianguka ndipo damu ikawa nzito. Waliopimwa wakiwa wazima kama wale wa Gothenburg wanatupa ushahidi wenye nguvu zaidi, lakini hata huo haujathibitisha kwamba kuipunguza fibrinojeni peke yake kutamwokoa mtu. Nimeona inafaa kulieleza hili kwa sababu siku hizi zinapita habari za vipimo vya uzito wa damu na dawa za kuisafisha, na msomaji anastahiki kujua kwamba elimu yenyewe imekwenda kwa hadhari kuliko wauzaji.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa kiharusi Zanzibar, ulioongozwa na Jutta Adelin Jørgensen akishirikiana na matabibu wa hapa, ambao kwa mwaka mmoja tangu Oktoba 2019 uliwaandika wagonjwa waliofikishwa hospitalini Unguja, nao wakazidi 800. Kwa kisiwa kilicho na idadi ya watu kama yetu, jambo hilo si dogo. Bara, utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba katika kila watu 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka watu 109 hivi katika wilaya ya Hai, na 316 hivi katika jiji la Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri; kiasi hicho cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyopata kuandikwa wakati ule. Na chanzo kikubwa hakifichiki: uchunguzi wa afya uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta thuluthi moja hivi ya watu wazima wana presha ya kupanda, wengi wao bila ya kujua, na miongoni mwa wanaojua wako wengi wanaomeza vidonge wanapoumwa kichwa na kuviacha wanapojisikia wazima. Presha ndiyo inayouchubua utando laini wa ndani ya ateri. Hapo mafuta hupenya na kutuama, ukuta ukavimba, na siku uvimbe huo unapopasuka, damu hukutana na vitu vilivyofichwa ndani ya ukuta ambavyo huviamsha vigandishi vyote kwa mara moja.

Tena liko jambo ambalo linatuhusu sisi kuliko watu wa Ulaya. Miongoni mwa Wazungu, kusinyaa huku hupatikana zaidi katika ateri za shingo, mahali ambapo mpasuaji anaweza kufikia kwa kisu. Miongoni mwa watu wa Asia na wenye asili ya Afrika, aghlabu hupatikana ndani ya fuvu lenyewe, katika matawi yanayotoka kwenye duara la ateri lililoelezwa na Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664, ambamo mkono wa mpasuaji hauingii kwa wepesi. Basi maarifa yaliyotungwa kwa ajili ya shingo za Wazungu hayawezi kuchukuliwa yakapachikwa katika vichwa vyetu bila ya uchunguzi.

Juu ya hayo yote, liko suala la saa. Kiharusi katika visiwa hivi kwa watu wengi bado ni upepo mbaya, au jicho, au mkono wa mtu, na mgonjwa aliyeanguka alfajiri hunyweshwa kombe lililoandikwa kwa zafarani, akachuliwa kwa mafuta, akapigwa chuku, na jioni au siku ya pili ndipo gari linapotafutwa. Sikusudii kuwadharau wanaofanya hivyo. Kombe ni dua, na dua haimdhuru mgonjwa. Mkono wa mchuaji aliyezoea kazi yake, katika miezi ya kupona, una faida kwa viungo vilivyokakamaa. Na ndugu wanaokusanyika kumzunguka mgonjwa humpa kitu ambacho hospitali haina. Ninachokililia ni saa zenyewe. Jeffrey Saver wa California alikadiria mwaka 2006 kwamba ateri kubwa ya ubongo inapoziba, hufa seli za neva milioni 1.9 katika kila dakika inayopita. Kutoka Nungwi au Makunduchi hadi mjini hakuzidi kilomita 70, barabara ni ya lami, na gari halihitaji saa mbili. Kwa hiyo umbali si udhuru, na dua ile ile yaweza kusomwa garini.

Thamani ya saa hizo ilithibitika mwaka 1995, pale utafiti wa Marekani ulipoonyesha kwamba dawa ya alteplase, iliyotengenezwa kwa kufuata kitu ambacho mwili wenyewe huwa nacho kwa ajili ya kuyeyusha fibrini, ikitiwa mshipani ndani ya saa tatu huwarejesha wagonjwa wengi zaidi katika maisha yao. Na mwaka 2008 muda huo ukaongezwa kuwa saa nne na nusu. Dawa hii ni ghali, na hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki hazinayo. Lakini hata isipokuwapo dawa hiyo, wodi ya hospitali ina mengine yasiyopatikana kitandani nyumbani: kupimwa sukari, kuchunguzwa kama mgonjwa anaweza kumeza, kulindwa na nimonia, na zaidi ya yote, picha ya kichwa. Picha hiyo ndiyo inayotenga baina ya mambo mawili ambayo kwa macho hayatengeki hata na tabibu bingwa: mshipa ulioziba kwa damu iliyoganda, na mshipa uliopasuka ukamwaga damu ndani ya ubongo. Aina hii ya pili ipo kwetu kwa kiasi kikubwa kuliko Ulaya, kwa sababu ya presha isiyotibiwa, na dawa inayomfaa mgonjwa wa kwanza yaweza kumuua wa pili. Kwa hivyo yule anayemkimbilia mgonjwa na aspirini mara tu anapoanguka, kwa kuwa amesikia aspirini ni dawa ya kiharusi, anacheza bahati nasibu na roho ya mtu.

Aspirini yenyewe, ikiisha kupatikana picha na kuonekana kwamba hakuna damu iliyomwagika, ni dawa ya kushukuriwa sana, kwa urahisi wa bei yake na kwa namna inavyofanya kazi. John Vane alieleza mwaka 1971 namna inavyozuia kemikali zinazotengenezwa mwilini, na kwa ajili ya kazi hiyo akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kwa chembe sahani, ambazo hazina kiini cha kutengeneza protini mpya, zuio hilo hudumu umri wao wote, siku saba hadi kumi, na ndiyo maana kidonge kidogo kimoja kwa siku chatosha. Ingelidhaniwa kwamba dawa yenye nguvu zaidi ingefaa zaidi. Warfarini, ambayo huvipunguza vigandishi kadhaa kwa pamoja kwa kuinyima ini vitamini K, ilishindanishwa na aspirini kwa wagonjwa 569 waliosinyaa ateri za ndani ya fuvu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yakawa kinyume cha matarajio: viharusi havikupungua kwa maana, lakini waliotokwa na damu kwa hatari walikuwa asilimia 8.3 kwa warfarini na 3.2 kwa aspirini. Ndipo wengine wakasema, kama dawa haifungui njia, na tuifungue kwa chuma. Wakaingiza vibomba vidogo vya waya ndani ya ateri zilizosinyaa. Utafiti wa wagonjwa 451 uliochapishwa mwaka 2011 ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu katika siku 30 za kwanza waliotiwa vibomba walipatwa na kiharusi au mauti kwa asilimia 14.7, na waliopewa dawa na kusimamiwa presha yao kwa makini, asilimia 5.8.

Mimi nayasoma matokeo hayo mawili kwa furaha, kwa sababu yanasema kwamba kilichoshinda ni kitu ambacho kisiwa kama chetu kinaweza kukimudu: aspirini, na ya pili yake clopidogrel kwa muda mfupi, vidonge vya presha na vya kolesteroli, na mtu wa kumfuatilia mgonjwa asiviache. Wachina, ambao kusinyaa kwa ateri za ndani ya fuvu ni maradhi yao makubwa kama yalivyo yetu, walionyesha mwaka 2013, kwa wagonjwa 5,170, kwamba aspirini na clopidogrel zikitolewa pamoja ndani ya saa 24 baada ya kiharusi kidogo au kile cha kupita, na kuendelea hivyo siku 21, huzuia viharusi vingi vinavyofuata. Matabibu wa Kichina wamekuwa wakifanya kazi Zanzibar tangu mwaka 1964, kikosi baada ya kikosi kutoka jimbo la Jiangsu, na sijui mahali pengine ambapo maarifa yao yangeungana na haja yetu kwa wepesi zaidi kuliko hapa.

Nimetaja kiharusi cha kupita, nami nataka nikae hapo kidogo, kwa kuwa ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Mtu amekaa barazani baada ya alasiri, kikombe cha kahawa kinamponyoka mkononi. Anataka kusema, maneno yanatoka yamepindana. Baada ya robo saa mkono umerudi, ulimi umerudi, jamaa wanacheka kwa faraja, wanasema alikuwa amechoka au jua lilikuwa kali. Kilichotokea ni kwamba donge limeanza kujengeka katika njia iliyosinyaa, likavunjika au likayeyushwa na mwili wenyewe, na ule uchubuko lilikoota bado upo, vigandishi vimeamshwa, na siku mbili zinazofuata ndizo zenye khatari kuliko nyingine zote. Huyu ndiye mgonjwa ambaye matabibu wangependa kumpata kuliko yeyote, kwa sababu hajapoteza chochote bado na kila kitu chaweza kuokolewa. Na huyu ndiye asiyekwenda hospitali kabisa.

Nilisema kwamba tutarejea kwa Hageman. Fikra aliyotuachia, kwamba kuna vigandishi ambavyo mwili waweza kuvikosa bila ya kutokwa na damu sana, ilipata nguvu mwaka 2008, pale matabibu wa Israel walipowatazama watu 115 waliozaliwa na upungufu mkubwa wa kigandishi cha kumi na moja, maradhi ya urithi yanayopatikana kwa wingi miongoni mwa Mayahudi wa asili ya Ulaya. Kwa umri na hali zao walitarajiwa kupatwa na kiharusi cha kuziba wanane au tisa. Aliyepatwa alikuwa mmoja. Tangu hapo makampuni ya dawa yamekuwa yakitafuta kidonge cha kukizuia kigandishi hicho peke yake, ili donge la ndani ya ateri lizuiwe na jeraha liendelee kufunga. Majaribio ya mwanzo, likiwamo lile la asundexian lililotolewa mwaka 2022, hayakuleta ushindi wa wazi kwa wagonjwa wote, lakini waliokuwa na ateri zilizosinyaa kwa mafuta walionyesha dalili ya kunufaika, na utafiti mkubwa zaidi ukafuata. Ikiwa dawa hii itatimiza ahadi yake, sisi wenye ateri zinazosinyaa ndani ya fuvu ndio tutakaokuwa na haja nayo zaidi, na itakuwa dhulma ikitufikia miaka ishirini baada ya wengine, kama zilivyotufikia nyingi kabla yake.

Wamesalia wagonjwa wa ateri zilizosinyaa ambao hawakula chumvi nyingi, wala hawana presha, wala hawajabaleghe. Maradhi ya seli mundu, ambayo Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwa uchunguzi wake Afrika ya Mashariki kwamba urithi wake nusu humkinga mtoto na malaria, yameenea Unguja na Pemba na katika mwambao wote, na Tanzania imo katika nchi chache zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Seli nyekundu zilizopinda huchubua ateri kubwa za ubongo mpaka zikawa nyembamba katika umri wa kucheza. Seli hizo zikivunjika hutoa nje tabaka ambalo vigandishi hulitumia kama meza ya kufanyia kazi, thrombini ikaongezeka, na protini ya von Willebrand ikawa nyingi na ndefu kuliko kawaida. Bila ya kinga, mmoja hivi katika kila wagonjwa kumi hupatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Mtoto wa miaka sita anaamka, mguu mmoja haumchukui, na familia inatafuta nani amemroga.

Hapa ndipo ninapoona tunayo nafasi kubwa kuliko pote, kwa sababu kusinyaa kwa ateri hizi kwaweza kusikika kabla ya pigo. Chombo kidogo cha mawimbi ya sauti huwekwa kandoni mwa paji la uso, pale mfupa ulipo mwembamba, kikapima kasi ya damu. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, njia imebana na kiharusi ki karibu. Robert Adams na wenziwe walithibitisha mwaka 1998, kwa watoto 130 wa Marekani, kwamba mwenye kasi hiyo akiongezwa damu mara kwa mara, khatari yake hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kuongezwa damu kila mwezi ni mzigo usiobebeka kwa nyumba nyingi za kwetu, lakini hospitali ya Bugando, Mwanza, imeonyesha kwamba katika nchi hii hii watoto waweza kupimwa kwa chombo hicho, na wenye kasi kubwa wakapewa hydroxyurea, dawa ya kumeza nyumbani, kasi ya damu yao ikashuka. Kipimo hakiumi, hakimtoi mtoto hata tone la damu, humalizika kwa muda wa chini ya saa moja, na fundi wake anaweza kufunzwa bila ya kuwa daktari. Kila mtoto wa seli mundu aliye kati ya miaka 2 na 16, awe wa Kikwajuni, Donge au Jambiani, anastahiki kupimwa hivyo mara moja kwa mwaka, na jina lake likawekwa katika daftari la kliniki anakochukulia dawa, ili asipofika mwaka wa pili atafutwe nyumbani kwao.